Shangazi, mwanangu kazaliwa Julai: besiboli si riziki yake?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ohio na mume wangu, huu mwaka wa tisa. Nakuandikia kuhusu mtoto wetu wa pili, ambaye atatimiza miaka kumi tarehe 14 Julai. Mtoto huyu anapenda besiboli kuliko kula. Glavu analala nayo chini ya mto. Mpira ukipigwa kwenye runinga, yeye kashasimama, mkono juu, kama vile ataudaka pale sebuleni.

Msimu huu umetuumiza. Kwenye timu yake ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, anapangwa nyuma kabisa upande wa kulia, kule ambako mpira hauendi. Anakaa uwanjani awamu mbili tu za mechi, anapiga mara moja, kisha benchi mpaka mwisho. Jumamosi moja nilimwona anang'oa nyasi huku mechi inaendelea. Alipogundua namtazama akajifunika uso kwa glavu. Wiki mbili zilizopita wakatangaza timu ya nyota, yaani ya wachezaji bora wa ligi yetu, jina lake halimo. Pale uwanjani hakulia. Alilia ndani ya gari, kimyakimya, kageukia dirishani.

Siku hiyohiyo baba wa mtoto mwenzake akaniambia nisijisumbue. Alinionyesha kwenye simu hesabu za wachezaji wa ligi kuu ya hapa Marekani, kwamba wa Agosti ni wengi mno na wa Julai ni wachache. Mwanawe kazaliwa tarehe 4 Agosti mwaka uleule na wangu, wako darasa moja, ni mrefu, na amechaguliwa. Nilirudi nyumbani nikaanza kukumbuka sherehe za kuzaliwa tulizoalikwa. Watoto wanne kati ya waliochaguliwa tulikula keki zao Septemba na Oktoba.

Mume wangu ameanza kuhangaika. Kila jioni akitoka kazini anamtoa mtoto uani, mtoto arushe mipira mia. Anataka arudie darasa ili awe mkubwa kuliko wenzake. Na kuna rafiki yake aliyemwambia kwamba, kwa kuwa mtoto alizaliwa kabla hatujaja huku, cheti kipya chenye mwezi mwingine kinaweza kupatikana. Mama mkwe naye kila akipiga simu anasema nyota ya mtoto haielekei michezo, atafutiwe jambo jingine.

Shangazi, ni kweli mwezi wa kuzaliwa unaamua? Nimtoe mapema kabla hajavunjika moyo zaidi?

Mama Julai, Ohio

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale penye glavu usoni. Mtoto wa miaka tisa akimficha mama yake uso, hapo si suala la mpira tena. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Hesabu uliyoonyeshwa ni ya kweli. Aliichapisha mwandishi wa besiboli aitwaye Greg Spira mwaka 2008. Alichukua Wamarekani waliozaliwa kuanzia 1950 na kuangalia waliofika ligi kuu. Wa Agosti walikuwa karibu 500, wa Julai walizidi 300 kidogo tu. Aliyezaliwa Agosti alikuwa na nafasi ya kufika huko iliyoizidi ya aliyezaliwa Julai kwa asilimia 50 hadi 60. Ni miezi miwili inayofuatana, yenye joto lilelile na likizo ileile ya shule, na bado tofauti ni kubwa kiasi hicho.

Sasa mama mkwe wako, kwa heshima zake zote, mwelezee jambo moja. Nyota ya Simba huanza kama tarehe 23 Julai na kwenda mpaka tarehe 22 Agosti. Mtoto wa tarehe 30 Julai na mtoto wa tarehe 2 Agosti wana nyota moja. Ingekuwa mambo ni ya nyota, hawa wawili wangefika ligi kuu kwa idadi moja. Hawakufika hivyo, kwa sababu kati yao watu wazima walichora mstari.

Kwa zaidi ya miaka 50, besiboli ya watoto Marekani ilihesabu umri kwa tarehe 31 Julai. Aliyezaliwa tarehe 1 Agosti alikuwa mkubwa kuliko wote katika kundi lake, na aliyezaliwa tarehe 31 Julai alikuwa mdogo kuliko wote, karibu mwaka mzima kasoro siku. Wote waliandikwa umri mmoja na wakapangwa uwanja mmoja. Kwa mtu mzima mwaka mmoja hauonekani. Kwa mtoto wa miaka sita ni sehemu ya sita ya maisha yake: ni urefu, ni nguvu ya bega, ni macho kuweza kuufuata mpira unaokuja kwa kasi. Kocha anaangalia watoto kumi na wawili kwa saa moja, anawaona wanaofikisha mpira besi ya kwanza, kile kituo ambacho mpigaji hukimbilia kwanza, na wasioufikisha, anaandika: huyu ana kipaji, huyu hana. Aliyeandikwa kipaji anapewa nafasi ya mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, anacheza mechi za ziada, anapata kocha bora zaidi. Mwaka wa pili kweli amekuwa bora. Mwenye nacho huongezewa, na yule wa nyuma kulia anaongezewa nyasi za kung'oa.

Jambo hili halikuanzia kwenye besiboli. Mwanasaikolojia wa Canada, Roger Barnsley, alikwenda kutazama hoki ya barafu miaka ya themanini, na mkewe Paula ndiye aliyeona kwenye kijitabu cha mechi kwamba tarehe za kuzaliwa za wachezaji zimejazana miezi ya mwanzo wa mwaka. Huko mstari wao ulikuwa tarehe 1 Januari. Barnsley na wenzake walichapisha utafiti huo mwaka 1985, na mwaka 1991 wakaonyesha kwamba hali ni hiyohiyo kwenye besiboli ya ligi kuu.

Tena kuna jambo ambalo ningependa mwanao alisikie. Shohei Ohtani, mchezaji mashuhuri wa besiboli ambaye bila shaka picha yake iko mahali fulani chumbani kwake, alizaliwa tarehe 5 Julai 1994. Julai! Lakini alizaliwa Japani, ambako mwaka wa shule huanza Aprili, kwa hiyo darasani kwao mtoto wa Julai ni miongoni mwa wakubwa. Mwezi ni uleule, mstari ndio mwingine.

Nirudi kwa yule baba aliyekuonyesha simu. Hesabu yake ni ya watu waliokua chini ya sheria ya zamani. Little League ilihamisha mstari mwaka 2006 ukawa tarehe 30 Aprili, kisha ikauhamisha tena, na tangu msimu wa 2018 umri unahesabiwa kwa tarehe 31 Agosti. Maana yake leo wakubwa wa kundi ni wa Septemba, na wadogo kuliko wote ni wa Agosti. Mwanawe amezaliwa tarehe 4 Agosti, wako tarehe 14 Julai, mwaka mmoja. Mwanao amemzidi siku ishirini na moja! Yule ni mrefu kwa sababu ni mrefu. Watoto wengine hutangulia kukua, na mwezi hauhusiki hata kidogo.

Na zile keki za Septemba na Oktoba, hapo umejijibu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa Septemba alicheza mechi za Mei akiwa na miaka kumi na miezi minane. Wako alikuwa na miaka tisa na miezi kumi. Kwenye fomu wote wameandikwa kumi.

Haya nayasema nikiwa na kidonda changu. Miaka ya tisini nilikaa kwenye zile ngazi za chuma zinazochoma mapaja wakati wa jua, namtazama mwanangu aliyezaliwa Juni. Kwa mstari wa wakati ule alikuwa wa pili kutoka mwisho. Sikujua. Nilichoona ni kwamba wenzake wanaupiga mpira unavuka vichwa, wake unaviringika kama chungwa lililoanguka sokoni. Nilimwambia ni mvivu. Nilimwambia mara nyingi, na njiani kurudi nyumbani ndipo nilipomwambia zaidi. Akiwa na miaka kumi na miwili aliweka glavu juu ya meza ya jikoni akasema basi. Akiwa na kumi na saba alikuwa amewapita wote kwa urefu, na alikuwa hajashika mpira miaka mitano. Nilipokuja kusoma habari za mstari huu alikuwa keshakuwa baba. Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mama, nilidhani umesahau." Hakuwa amesahau yeye.

Kwa hiyo usimtoe. Ila kuna mambo matatu ya mume wako ambayo lazima yasimame, na la kwanza lisimame leo hii.

Mipira mia kila jioni inaweza kumharibu mtoto. Kwa watoto wa miaka tisa na kumi, Little League yenyewe imeweka kikomo cha mipira 75 kwa siku kwa mrushaji, na akifikisha 66 au zaidi lazima apumzike siku nne kabla ya kurusha tena mechini. Hawakuweka hivyo kwa ulegevu. Kwenye kiwiko na bega la mtoto kuna gegedu la ukuaji ambalo bado halijawa mfupa, na likivutwa kila siku huvimba, hata kuachana na mfupa. Mtoto akianza kushika kiwiko kwa ndani, au akiurusha mpira kwa kusukuma badala ya kuutupa, mpeleke kwa daktari, msimwambie akaze. Najua baba anafanya kwa mapenzi. Jioni hizo ziwe za kudaka mpira wa chini, kukimbia besi, kupiga mpira wa plastiki. Na ziwe za kucheka pia.

Kurudia darasa kwa ajili ya mpira, mimi nakataa. Kwanza haitasaidia pale anapoumia sasa, maana Little League inaangalia tarehe ya kuzaliwa, haiangalii darasa. Faida ingekuja labda sekondari, na gharama ataanza kuilipa shule zikifunguliwa tu, atakapowaona rafiki zake wakiingia chumba kingine. Kama ana shida ya masomo, hilo ni jambo la mwalimu wake na nyinyi, na lizungumzwe kwa ajili ya masomo.

Cheti. Mwanangu, hapa naomba unisikilize kama mama yako mzazi. Mwaka 2001 kulikuwa na kijana wa Bronx, Danny Almonte, aliyetikisa mashindano ya dunia ya Little League. Katika mechi moja aliwatoa wapigaji 16 na hakuna hata mmoja wa wapinzani aliyefika besi. Baadaye ikajulikana alikuwa na miaka 14, wakati kikomo ni 12. Cheti kilibadilishwa mwaka wa kuzaliwa kutoka 1987 kuwa 1989. Timu ilifutiwa ushindi wake wote, baba yake na mwanzilishi wa ligi yao wakafungiwa maisha, na kijana yule, ambaye hakughushi chochote kwa mkono wake, akabeba jina hilo utotoni mwake mwote. Ligi kuu hakufika. Nyinyi juu ya hapo mna karatasi za uhamiaji. Tarehe ya mtoto ikisoma vingine kwenye faili moja na vingine kwenye jingine, mtakaoulizwa ni nyinyi, na wala hamtaulizwa habari za besiboli. Rafiki aliyetoa ushauri huo asirudie kuutaja mbele ya mtoto.

Sasa la kufanya. Ulivyonielezea, awamu mbili nyuma na kupiga mara moja, kocha anampa kile kiasi cha chini ambacho sheria ya Little League inamlazimisha kumpa kila mtoto katika msimu wa kawaida: kuwa uwanjani mpaka wapinzani sita watolewe, na kupiga angalau mara moja. Hajavunja sheria. Lakini kufuata kiwango cha chini si kufundisha. Mfuate siku isiyo ya mechi, bila hasira, umuulize: "Mwanangu afanyie kazi kitu gani ili apate awamu moja ndani, karibu na besi ya pili?" Swali hilo linajibika. Ukimuuliza kwa nini hachezi, atajitetea, mtaachana kwa ubaya.

Uliza pia uongozi wa ligi kuhusu mwakani. Ataandikwa miaka kumi na moja, na huenda wakataka kumpandisha daraja la juu, achanganywe na wa kumi na miwili. Daraja la chini linaruhusu mpaka miaka kumi na moja, kwa hiyo unaweza kuomba abaki huko msimu mmoja zaidi, ashike mpira, arushe, aongoze. Wazazi wengi huona aibu kuomba hivyo. Mimi ningeomba bila kupepesa macho, kwa sababu mtoto anajifunza kwa kucheza, na kwenye benchi hachezi.

Halafu kuna jambo ambalo huenda hulijui. Mashirika mengi yanayoandaa mashindano ya timu za kusafiri, zile zinazokwenda miji mingine kucheza, bado yanahesabu umri kwa tarehe 30 Aprili. Mwaka wao unaanza tarehe 1 Mei. Kwa hesabu hiyo mwanao yuko mwezi wa tatu kutoka juu, ni katika wakubwa! Tarehe 30 Aprili mwaka huu alikuwa na miaka tisa, kwa hiyo huko angecheza na wa tisa wakati Little League inamhesabu wa kumi. Ni mtoto yuleyule, mkono uleule. Lakini sikwambii mkimbilie huko. Timu hizo hula fedha, ada na safari zinaweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka, na mna watoto wengine wawili. Nakwambia ili uone kwa macho yako jinsi "mdogo" anavyogeuka "mkubwa" kwa kuvuka barabara tu, na ili kama ipo timu ya karibu isiyo ghali, ajaribu.

Kuhusu ligi kuu yenyewe, asilimia 50 ya kitu kidogo ni kitu kidogo. Timu ni 30, kila moja ina wachezaji 26, jumla 780, nao wanatafutwa dunia nzima, wakati wavulana wanaocheza besiboli sekondari za Marekani peke yake ni karibu 480,000. Mtoto wa Agosti naye karibu hakika hafiki. Msimlee kwa hesabu ya kufika huko. Hata hivyo, asije mtu akamwambia Julai imefungwa. CC Sabathia, mrushaji wa ligi kuu, alizaliwa California tarehe 21 Julai 1980, chini ya ule mstari wa zamani, akashinda mechi 251 na mwaka 2025 akaingizwa katika Jumba la Umashuhuri la besiboli. Alex Rodriguez alizaliwa tarehe 27 Julai 1975, siku nne tu kabla ya mstari. Mwaka 1993, akiwa na miaka 17, alichaguliwa wa kwanza kabisa nchini, timu za ligi kuu zilipokuwa zinachagua vijana wapya. Na kwenye hoki, watafiti waliopitia wachezaji waliochaguliwa kuingia NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, walionyesha mwaka 2013 kwamba wale wa miezi ya mwisho, wakishafika, walitoa mchango kuliko nafasi walizochaguliwa zilivyotabiri. Walikuwa wamedharauliwa tu mapema.

Leo kabla hajalala, kaa naye kitandani na kalenda. Mwonyeshe tarehe 1 Septemba, mwonyeshe yake, mhesabu miezi pamoja kwa kidole. Mwache alitamke mwenyewe kwamba wale waliochaguliwa wamemtangulia kuzaliwa. Usimwambie atakuwa bora kuliko wao, hulijui hilo, wala mimi silijui. Mwambie mwili wake bado uko njiani.

Na baba awepo hapo kitandani, asiachiwe mama peke yake. Mtoto anatakiwa kusikia kutoka kwake kwamba kesho jioni hakuna mipira mia. Majaribio ya timu nyingi za kusafiri hufanyika Agosti, muda bado upo. Niandikie akishapata awamu yake karibu na besi ya pili.

Shangazi